Linux kwenye laptopu ya mtumba: mgawanyo upi wa diski unakugharimu kidogo?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na laptopu za mtumba tulizozizoea zikabaki njia panda. Chukua HP EliteBook 840 G3, mashine ngumu ya mwaka 2016 ambayo mpaka leo inaandika tasnifu, inaonyesha filamu na kuchapa mitihani ya shule nzima. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Leseni ya Windows 11 Home huko Marekani ni dola 139, ya Pro dola 199, na hata ukizilipa zote mbili prosesa haibadiliki. Nyongeza ya mwaka mmoja ya ulinzi kwa Windows 10 inauzwa dola 30, au hutolewa bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft, lakini nayo inakoma Oktoba 2026.

Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari pale chuo cha St. Francis hapa Ifakara, mwalimu wa sekondari au mwenye stesheneri wa Lipangalala anayeulizia Linux siku hizi haendeshwi na ushabiki. Anapiga hesabu. Na hesabu yenyewe haiishii kwenye neno "bure". Linux hailipiwi, ila kuna ukurasa mmoja katikati ya kuisimika, ule unaouliza diski igawanywe vipi na kila kipande kipachikwe wapi, ambao ukibofya kwa haraka utaulipia baadaye: kwa bando, kwa fundi, au kwa picha za harusi zisizorudi.

Tuanze na bando, maana ndiyo gharama ya kwanza. Faili la Linux Mint 22 lina karibu GB 3. La Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Bei elekezi za intaneti zilizotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, mwaka 2021 zilikuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB. Kwa bei ya chini, Mint inakula kama shilingi 6,100 na Ubuntu 12,200. Kwa bei ya juu, ile ya anayesahau kujiunga na kifurushi, Mint inafika 28,000 na Ubuntu inapita 56,000. Zote mbili zinahudumiwa hadi mwaka 2029, na kwa mashine yenye RAM ya GB 4 Mint ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo sioni sababu ya kulipia mara mbili. Halafu Linux ni mali halali ya kugawana: mmoja akishaipakua, darasa zima linaweza kunakili kwa fleshi ya GB 8 bila kumwibia mtu. Kabla ya kuiandika kwenye fleshi, pima faili kwa sha256sum. Upakuaji uliokatika mara nne na kuendelea huweza kuacha faili bovu, na ubovu huo hujitokeza katikati ya kusimika, wakati Windows imeshafutwa.

Sasa diski yenyewe. Diski ya GB 256 ukiifungua itasoma 238, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Hujaibiwa. Katika Windows ulizoea C: na D:, kila patisheni na herufi yake. Linux haina herufi. Kuna mti mmoja tu unaoanzia kwenye alama ya mkwaju, /, na kila patisheni hupachikwa mahali fulani kwenye mti huo: moja inapachikwa / yenyewe ambako mfumo unakaa, nyingine /home ambako mafaili yako yanakaa, na ndogo ya kuwashia mashine inapachikwa /boot/efi. Mtumiaji anaona folda tu. Haoni mpaka.

Mpaka huo anauona siku sehemu moja inapojaa. Mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero hahitaji kuelezwa zaidi: ukinyanyua kingo za majaruba kabla hujajua maji yatakavyokuja, jaruba moja litakauka huku la jirani likifurika. Ndivyo ilivyo kwa anayesoma mwongozo wa seva na kuikatakata diski ya GB 256 vipande saba, kimoja cha /usr, kimoja cha /var, kimoja cha /tmp. Miezi sita baadaye /var imejaa, programu hazisasishwi, na pembeni kuna GB 90 tupu zisizofikika.

Desturi hiyo ina asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa na kompyuta ya PDP-11 yenye diski ndogo mno. Mfumo wa Unix ulipokua na kushindwa kuenea kwenye diski ya kwanza, ukamwagikia kwenye ya pili, iliyokuwa na mafaili ya watumiaji na iliyopachikwa mahali palipoitwa /usr. Programu zipo /usr mpaka leo kwa sababu ya ufinyu ule. Mtu mwenye diski moja ya kisasa hana sababu ya kuurithi.

Kwa laptopu ya mtu mmoja, basi, mashindano ya kweli ni ya mipango minne.

Wa kwanza ndio rahisi kuliko yote: futa diski nzima, acha programu ya kusimika ijipangie. Itaweka kipande kidogo cha /boot/efi, kisha kila kilichobaki kinakuwa /. Swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM ikielemewa, siku hizi ni faili tu ndani ya /, kwa hiyo huna haja ya kuitengea patisheni kama miongozo ya zamani inavyodai, isipokuwa unataka mashine ilale kabisa na kuamka na kazi zako zote wazi. Faida ya mpango huu ni kwamba nafasi yote ni moja na hakuna GB inayokaa bure nyuma ya mpaka. Kasoro yake inaonekana siku ya kusimika upya. Mafaili yako na mfumo vimo kapu moja, na njia ya kawaida ya kusimika upya inafuta kapu lote. Mwenye diski ya nje yenye nakala ya kila kitu hatajali. Asiye nayo atatafuta mahali pa kuhamishia GB 120 jioni hiyohiyo, na kwa kawaida atanunua diski ya nje kwa bei ya mwenye haraka.

Mpango wa pili unatenga / na /home. Huu ndio ninaoupendekeza kwa wengi, kwa sharti la vipimo. Mint inasema inaweza kukaa kwenye GB 20 na inapendekeza 100. Nimeona watu wakishika ile 20 na kujiona wamebana matumizi. Hawakubana chochote. Programu za Flatpak hukaa /var/lib/flatpak, ambayo iko upande wa /, si upande wako. Timeshift, chombo cha Mint cha kurudisha mfumo ulipokuwa, kisipoelekezwa kwingine huweka nakala zake palepale kwenye /. Kwa diski inayosoma 238, ipe / GB 60, na iliyobaki yote iwe /home.

Kuna asilimia 5 za kuangalia hapo. Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao ndio chaguo la kawaida la Mint, Ubuntu na Debian, hutenga asilimia 5 ya kila patisheni kwa ajili ya msimamizi wa mfumo ili mashine isikwame diski ikijaa. Kwenye / hiyo ni busara. Kwenye /home ya GB 175 ni karibu GB 9 ulizolipia ambazo hutazigusa. Amri moja, sudo tune2fs -m 0 ikifuatiwa na jina la patisheni, inazirudisha, na haifuti kitu. Mafundi wachache wanaifanya bila kuombwa.

Faida ya /home iliyotengwa inaonekana kwenye kisanduku kimoja kidogo. Siku ya kusimika upya unachagua "Something else", kuipanga diski kwa mkono. Unaiteua patisheni ya mfumo, unaipachika /, na kwenye kisanduku kilichoandikwa Format unaweka alama ya vema. Kisha unaiteua ile ya pili, unaipachika /home, na kisanduku chake unakiacha wazi. Alama hiyo moja ikikosewa mahali, miaka mitatu ya noti imekwenda. Kwa hiyo mtu akikusimikia, simama nyuma yake muda huo, hata kama chai imefika. Jina la mtumiaji liwe lilelile la mwanzo, na ukiingia utakuta hata picha ya mezani ni ileile.

"Fundi, na Windows yangu nayo iwepo?" Swali hili huulizwa kila mara, na jibu la fundi huwa ni "inawezekana, dada." Kweli inawezekana. Ni mpango wa tatu, mifumo miwili ndani ya diski moja, na ndio unaoficha gharama nyingi kuliko yote. Kwanza nafasi. Windows 11 inadai GB 64 kwa uchache, na ikishapokea masasisho na Office yake inataka zaidi. Kwenye diski ya 238 umeshapoteza theluthi au zaidi kwa mfumo ambao pengine utaufungua mara moja kwa wiki. Pili, kupunguza patisheni ya C: mara nyingi hugoma kwa sababu kuna mafaili yasiyosogezeka katikati yake. Kama imefungwa kwa BitLocker, usiguse kitu kabla ya kupata ufunguo wa kuifungulia, na kwenye laptopu ya mtumba ufunguo huo unaweza kuwa kwenye akaunti ya mtu usiyemjua.

Tatu, Windows haizimiki kabisa ukiizima. Kuna kipengele kinaitwa Fast Startup kinachoiacha imelala nusu, na Linux ikijaribu kuipachika patisheni ile itaikuta imefungwa na kuiruhusu kusomwa tu, bila kuandikwa. Watu hudhani diski imekufa. Zima kipengele hicho ndani ya Windows na tatizo linaisha. Nne, saa: Linux huiweka saa ya mashine kwa majira ya Greenwich na Windows huisoma kama majira ya hapa, kwa hiyo kila ukihama mfumo saa inakosea kwa masaa matatu kamili. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inamaliza ugomvi. Tano, na hii si ndogo, Agosti 2024 sasisho la usalama la Microsoft lilizifungia nje mashine nyingi zenye mifumo miwili. Wenye Linux wakawasha na kukuta maandishi ya kwamba sera ya usalama imekiukwa. Microsoft wenyewe walikuwa wamesema sasisho hilo halitazigusa mashine za namna hiyo. Anayelala na jirani huyu akubali kuamshwa.

Bado wapo wanaouhitaji. Mwenye stesheneri anayetengeneza kadi za harusi na vipeperushi kwa Publisher hawezi kuambiwa ahamie LibreOffice kesho asubuhi. Ila naye ajue kuwa Microsoft imeshatangaza mwisho wa Publisher, Oktoba 2026, hivyo kazi zake za zamani azigeuze PDF mapema.

Mpango wa nne ni diski mbili, na pale mashine inaporuhusu ndio ninaoupenda kuliko yote. Hiyo 840 G3 ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 na pia tundu la M.2. Wengi wanaomiliki mashine hii hawajui, kwa sababu hawajawahi kufungua mfuniko. Kwa hiyo badala ya kununua SSD moja kubwa, unaweza kununua ndogo ya M.2 kwa ajili ya mfumo na kuiacha diski ya zamani ibebe mafaili. Mfumo unawaka upesi kwa sababu uko kwenye SSD. Muziki na video hazijali kukaa kwenye diski inayozunguka. Na ukitaka kubaki na Windows, kila mfumo unakaa kwenye diski yake na ugomvi wa nafasi unakwisha. Kabla ya kutoa hela, mwombe fundi afungue mfuniko akuonyeshe tundu na akutajie kama mashine inapokea M.2 ya aina ya SATA, NVMe au zote. Zinafanana kwa macho, bei zinatofautiana, na duka la Kariakoo halipokei kwa furaha kilichosafiri mpaka Ifakara na kurudi.

Kupachika diski ya pili ndiko kazi ilipo. Kuna faili linaitwa /etc/fstab, orodha ya vipi vipachikwe wapi mashine ikiwaka. Mstari wake unakaa hivi:

UUID=namba-ya-patisheni /data ext4 defaults,noatime,nofail 0 2

Tumia UUID, usitumie jina kama /dev/sdb1, kwa sababu majina hayo hubadilika ukichomeka fleshi au kuhamisha diski. Noatime inauzuia mfumo kuandika muda kila faili linaposomwa, hivyo diski inapumzika. Nofail ndiyo bima yako: bila neno hilo, diski ya pili ikifa au ikilegea, mashine itasubiri sekunde 90 kisha itakutupa kwenye skrini nyeusi ya dharura, na wewe utadhani mfumo wote umekufa ilhali aliyekufa ni mbeba muziki. Ukishaandika mstari, usizime mashine kwanza. Andika sudo mount -a. Kama kuna kosa litasemwa hapohapo.

Diski ya zamani itakuja na NTFS ya Windows. Linux inaisoma na kuiandika, na tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021 kiini chake kina kiendeshi kipya cha NTFS, kwa hiyo kuipachika /data ilivyo si vibaya. Kuipachika /home hapana, kwa sababu haki za mafaili za Linux hazikai vizuri juu yake. Hamisha mafaili, iumbe upya kwa ext4, kisha yarudishe.

Umeme nao una kura yake. Ifakara iko kati ya Kidatu yenye megawati 204 na Kihansi yenye 180, lakini LUKU inaisha kama popote pengine, nyaya huanguka masika, na betri ya laptopu ya mtumba mara nyingi imeshakuwa pambo. Mashine inazimika katikati ya kuandika. Kwa hali hiyo usichague mfumo wa mafaili usioweka jono. Ext4 inalo: huandika kwanza kinachotaka kufanyika, na ikizimika hupitia jono na kujirekebisha ikiwaka. Inaokoa mpangilio wa diski, haiokoi aya ambayo hukuihifadhi. Btrfs, inayokuja kwa kawaida na Fedora tangu toleo la 33 la mwaka 2020, ina ujanja mwingine: / na /home zinakuwa vijisehemu vinavyochota nafasi moja, kwa hiyo huhitaji kubashiri vipimo kabisa. Ni suluhisho safi la ule mpaka wa GB 60. Sababu ya kutoipigia debe zaidi ni ya kienyeji: ikigoma, tafuta kwanza nani mtaani anaijua. FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, na ZFS yake ni nzuri kwa namna hiyohiyo, na upweke wake ni zaidi.

Kwa anayebeba taarifa za wagonjwa au za wahojiwa wa utafiti, na Ifakara yenye taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza kufuatilia kaya za bonde hili mwaka 1996 haikosi watu hao, hesabu inageuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye taarifa azilinde, na laptopu iliyoibwa kwenye basi ikiwa na diski isiyofungwa ni taarifa zilizomwagika. Programu za kusimika za Ubuntu na Mint hukupa ufungaji wa diski nzima kirahisi pale tu unapochagua kufuta diski yote. Ukijipangia kwa mkono, unaingia kwenye hatua nyingi ambazo si za kujifunzia kwenye mashine ya kazi. Hapa ningeacha /home ya pekee bila kusita, nikachukua mpango wa kwanza uliofungwa, na fedha nikaiweka kwenye diski ya nje iliyofungwa vilevile.

Maana patisheni si nakala. /home iliyotengwa inakukinga na kusimika vibaya. Haikukingi na mwizi, na haikukingi na Mto Lumemo ukiamua kuingia sebuleni. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya SSD kubwa na diski ya nje ya kuhifadhia nakala, nunua diski ya nje, uiweke nyumba nyingine yenye kiwanja cha juu.

Seva ndogo ya zahanati au maabara ya shule ndiyo inayostahili kipande cha ziada. Hapo /var itengwe, maana kumbukumbu za matukio na hifadhidata kama PostgreSQL hukaa humo na hukua usiku watu wamelala. Ikijaa, angalau / inabaki na nafasi ya kukuruhusu kuingia na kusafisha.

Ukishamaliza, kabla ya kumlipa fundi, fungua terminali palepale dukani na uandike lsblk -f. Soma safu ya mwisho. Kama mlikubaliana /home iwe peke yake, lazima ionekane kwenye mstari wake, na ext4 iwe imeandikwa kwenye safu ya aina ya mfumo wa mafaili. Kama kuna mistari miwili tu, / na /boot/efi, umefanyiwa mpango wa kwanza kwa bei ya wa pili, na wakati wa kusema ni huo, mashine ikiwa bado tupu na anaweza kurudia kwa dakika ishirini.